Maneno ya kambini yaliyohamia uraiani

Hivi nani aliwaambia vijana wa mjini kwamba kila mwanaume ni baharia? Maana siku hizi ukiingia mitandaoni unakuta mtu hajawahi hata kupanda pantoni la Kigamboni lakini anaandika "mabaharia wenzangu mnanielewa", halafu chini yake wanajaa mabaharia wengine wa Mbagala, wa Dodoma, wa Tabora kabisa ambako bahari wanaijua kwa picha za kalenda. Baharia wa namna hiyo ni mwanaume mjanja, hatulii, ana mtu kila bandari na akibanwa anajua pa kutokea. Mi sina ugomvi nao, neno likishatoka limetoka, lakini nina baba mdogo aliyestaafu jeshi upande wa majini na yeye ukimwita baharia anakununia, na wala si kwa ajili ya hayo ya wanawake.

Kwake yeye baharia ni mtu wa meli ya biashara. Anaajiriwa na tajiri, anapakia shehena, mkataba ukiisha anashuka na begi lake anaenda kutafuta meli nyingine. Yeye alikuwa mwanamaji. "Mimi nilikula kiapo bwana, sikusaini mkataba," ndo maneno yake hayo na ukibishana naye utalala njaa. Na kusema kweli magazeti yako upande wake, huwezi kukuta wameandika jeshi la mabaharia, wanaandika Kamandi ya Jeshi la Wanamaji, na Kenya nao ni Jeshi la Wanamaji, lile la Mtongwe pale Mombasa lililoanzishwa Desemba 1964. La kwetu lilikuja 1971 kwa msaada wa Wachina, makao yake Kigamboni, na watu wa huko wala hawana muda na jina refu hivyo wanasema tu Nevi, "nashukia Nevi", "anakaa kule Nevi", imekwisha.

Sasa mimi haya maneno yananivutia kwa sababu moja. Neno la jeshi au la chomboni likivuka geti likaja huku uraiani linabadilishiwa cheo. Mengine yanapanda, mengine yanashushwa mpaka yanakuwa matusi, na wenyewe kambini wanabaki wanashangaa. (Hata hilo neno uraiani, sisi raia hatukulihitaji, tulikuwa tunasema mtaani au nyumbani, ni wao walioona kuna nchi mbili, jeshini na uraiani.)

Chukua nahodha. Asili yake Kiajemi, nav ni chombo na khuda ni bwana, yaani bwana wa chombo, na hiyo nav ya Waajemi ni ndugu wa damu wa navis ya Kilatini ambayo Waingereza wametolea neno lao la jeshi la majini. Kwa hiyo Nevi ya Kigamboni na nahodha wa jahazi la Nungwi ni watoto wa ukoo mmoja waliopotezana zamani sana, mmoja akapita Roma na London, mwingine akapita Ghuba akaja na kaskazi. Na leo nahodha anayetajwa zaidi kuliko wote hajui hata kuogelea, ni yule anayevaa kitambaa mkononi uwanjani akibishana na refa. Baba mdogo anasema kwenye meli ya kivita hakuna nahodha, kuna kamanda wa meli, nahodha ni wa majahazi na wa boti za Zanzibar.

Askari nalo ni vile vile. Tumelipata kwa Waarabu, lakini wajuzi wengi wa lugha wanalirudisha nyuma hadi kwenye lashkar ya Kiajemi, jeshi, na hiyo hiyo lashkar ndiyo iliyozaa lascar, jina walilokuwa wanaitwa mabaharia wa Kihindi na Kiarabu kwenye meli za Wazungu. Yaani neno moja, ukilipeleka nchi kavu linakuwa mwanajeshi, ukilitia chomboni linakuwa baharia! Na mkuu wao hao malaskari alikuwa anaitwa serang, ambaye kwetu ni serahangi, msaidizi wa nahodha anayesimamia kazi. Ukienda Iran leo ukamtaja sarhang watajua unamsema kanali wa jeshi. Kanali huko, huku ni mtu wa kupigia watu kelele wavute kamba.

Halafu kuna amiri na admirali, hii ndo naipenda kuliko zote. Admirali wa Wazungu limetoka kwa Waarabu, amir, mwenye kuamrisha, wakalibeba na kipande cha sentensi nyuma yake kikagandia humo humo. Sisi tulilichukua amiri moja kwa moja kwa mwenyewe, tukaunda Amiri Jeshi Mkuu, halafu baadaye tukaletewa na admirali kwa mlango wa Kiingereza, sasa tunao wote wawili na hawasalimiani. Tangu Machi 2021 amiri wetu ni mama, na Kiswahili hakikutetereka hata kidogo maana hakina habari ya kike na kiume, Waarabu wenyewe pale wangehitaji kuongeza herufi. Kenya wamefanya lao, kamanda wa jeshi lao la wanamaji anaitwa meja jenerali kama mtu wa nchi kavu, na Samson Mwathethe aliyetokea majini akawa mkuu wa majeshi yote 2015 alikuwa jenerali, si admirali. Kwetu utasikia Ria Admirali kwenye taarifa ya habari na nusu ya wasikilizaji wanadhani Ria ni jina lake la kwanza.

Meli za kivita zenyewe tunaziita manowari, na hili halijifichi sana, ni man-of-war ya Waingereza imeogeshwa ikavalishwa kanzu. Kabla yake watu wa pwani walisema merikebu ya mizinga, ambayo kwangu mimi ni tamu zaidi maana inakwambia moja kwa moja utaona nini, lakini ndo hivyo manowari imeshinda. Na meli ambalo leo ni neno la chombo chochote kikubwa cha chuma limetokana na mail, barua, kwa sababu zile stima za kampuni ya British India zilizoanza kuja Zanzibar 1872 zilikuwa zimebeba posta. Chombo kikaitwa kwa jina la mzigo wake. Ungekuwa umekaa Forodhani asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 ungejifunza maneno yote kwa mpigo, manowari za Muingereza zimepanga mstari mbele ya jumba la Sayyid Khalid aliyejitwalia usultani, bandarini ana meli yake ya Glasgow, saa tatu mizinga ikaanza na haikufika hata saa moja mambo yamekwisha, Glasgow imezama na milingoti yake ikabaki imechungulia juu ya maji kwa miaka.

Majina wanayozipa manowari nayo yana hadithi zake. Kenya walianza na wanyama, Simba, Chui, Ndovu, wakaja na siasa, Nyayo na Umoja na Harambee, wakaja na sifa, Shujaa, Shupavu, Jasiri, ukipanga majina ya meli zao unasoma historia ya serikali zao bila kufungua kitabu. Tanzania tuna Mwitongo na Msoga, kwao Nyerere na kwao Kikwete, vijiji viwili visivyo na bahari vinakata mawimbi Bahari ya Hindi. Walinzi wa pwani wa Kenya waliozinduliwa 2018 wao walimaliza kazi mapema, meli wakaiita Doria. Ndicho inachofanya, na jina ndilo hilo.

Maneno ya chomboni yaliyohamia bara ni mengi kiasi kwamba hatuyaoni tena. Mtangazaji wa Kenya hawezi kusema mashindano yameanza, lazima yang'oe nanga, hata kama yako Eldoret. Mipango ikiharibika imekwenda mrama, na mrama ni kule kuyumba kwa chombo kinapopigwa na mawimbi, aliyewahi kupanda boti ya Zanzibar mwezi wa saba anajua mrama ni nini na mfuko wa plastiki ni wa nini. Kubisha, tunayobishana kila siku, kwa mabaharia ni kukipeleka chombo dhidi ya upepo, kwa kwenda upande huu na upande ule mpaka ufike. Dira imekuwa jambo la serikali, Dira ya Taifa 2050, usukani umepelekwa kwenye magari. Na maskini boya, kitu kinachookoa maisha ya watu, kinaonyesha njia, kimefungwa pale kinapigwa na maji usiku na mchana, huku mjini boya ni mjinga, mtu anayeelea elea tu. Hapo nasema tulimwonea.

Mzinga pia ulishuka cheo vibaya. Kambini mzinga ni heshima, mgeni wa taifa anapigiwa mizinga 21. Dar ukisema fulani amenipiga mzinga maana yake ameniomba hela, na wengine wanaudogosha kabisa, kizinga. Ukivuka Namanga mzinga ni chupa kubwa ya pombe kali. Kwa hiyo kwenye sherehe moja ya Uhuru unaweza ukasikia mizinga, ukanywa mzinga na ukapigwa mzinga, inategemea umesimama upande gani wa mpaka.

Lakini neno lenye safari kuliko yote kwa maoni yangu ni afande.

Hili ni la Kituruki, efendi, bwana msomi, mheshimiwa. Misri ilikuwa chini ya Waturuki, jeshi la Misri likawa na vyeo vya Kituruki, na jeshi hilo lilijaa Wasudani. Mwaka 1889 Wajerumani wamebanwa na Abushiri pale Pangani na Bagamoyo, wakamtuma Hermann von Wissmann, naye akapitia Kairo akaajiri mamia ya askari wa Kisudani waliokuwa wamekosa kazi. Wakashuka pwani yetu na vyeo vyao mdomoni. Ndo maana kwenye jeshi la Mjerumani huku Tanganyika koplo aliitwa ombasha, ambayo Kituruki ni mkuu wa watu kumi, sajini akaitwa shaushi, juu yake betshaushi, halafu sol, halafu efendi. Mjerumani anatoa amri kwa askari Mnyamwezi kwa cheo cha Kituruki kilicholetwa na Msudani, na wote wanaelewana kwa Kiswahili! Huku kwa Muingereza nako ikawa hivyo hivyo, Lugard, ofisa wao, aliwachukua Wasudani wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri huko kusini mwa Sudan, akawaingiza jeshi la Uganda, hao ndo wazee wa Wanubi, na wengine baadaye wakapewa makazi nje ya Nairobi mahali walipopaita Kibra, msitu, leo Kibera.

Ombasha amekufa, shaushi amekufa, ukiwataja leo labda mzee wa zamani sana akumbuke kusimuliwa. Afande amebaki. Na aliyobaki nayo si heshima ndogo, kwa sababu kwenye KAR ya Muingereza, yaani King's African Rifles, jeshi lake la askari wa Kiafrika, effendi ndicho kilikuwa kilele cha Muafrika, juu hapo hupandi, unaweza kuwa umepigana Burma na una nishani kifua kizima lakini luteni wa kizungu aliyetoka shule juzi unampigia saluti. Idi Amin alipewa u-effendi 1959, u-luteni akaupata 1961 uhuru ukiwa mlangoni. Kwa hiyo neno lililokuwa dari la Muafrika leo ndo ngazi, askari anamwita afande kila aliyemzidi cheo hadi jenerali, na raia tumelitandaza kwa kila mwenye sare, trafiki ni afande, askari magereza ni afande, mlinzi wa benki akikuzuia mlangoni unambembeleza "afande nina haraka". Wenye cheo cha chini wanafurahi na wenye cheo cha juu hawajali, sijui neno lingine la heshima lililofika huko.

Kongo lilifika na vita. Jeshi la Mobutu lilikuwa la Kilingala, halafu 1996 na 1997 wakaja watu wa AFDL, waasi wa Laurent Kabila, kutoka mashariki wakiongea Kiswahili na afande zao, wakiwa na wale watoto waliobeba bunduki zinazokaribia urefu wao wakiitwa kadogo, na Kinshasa wakajifunza maneno hayo mawili haraka sana. Rwanda na Uganda afande ni kitu cha kawaida kabisa. Uganda lakini ukitaka kuona watu wanyamaze taja panda gari. Kwetu hayo ni maneno ya konda tu, kwao ni zile operesheni za kuzoa watu mitaani, askari wanazingira mtaa wanakwambia panda gari na hujui gari linaenda wapi. Ndo sababu Waganda wengi wa umri fulani wanasema Kiswahili ni lugha ya kijeshi, na sisi tunakasirika tunawaona wana maringo, wakati wao maneno ya kwanza ya Kiswahili waliyoyasikia yalitoka kwa mtu ameshika bunduki.

KAR yenyewe ilipofika midomoni mwetu ikawa Keya. Askari wa Keya. Na wale waliobebeshwa mizigo kwenye Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, jina lao likawa Kariakoo, Nairobi wanaandika Kariokor. Najua kila mtu anaijua hii, inasemwa kila Simba na Yanga wakikaribia kucheza, lakini inasemwa kirahisi sana kana kwamba ni kichekesho cha matamshi. Wale watu walikufa kwa maelfu, kwa kuhara, njaa na malaria kuliko kwa risasi, wengi bila kaburi, na kilichobaki ni jina la soko ambako leo kuna mtu anabeba furushi kichwani akisema "pisha pisha". Askari angalau walijengewa sanamu, ile ya Posta ya 1927, bunduki yake imeelekea bandarini.

Vita hiyo hiyo ilikuwa na sehemu yake ya majini ambayo inafanana kabisa na haya maneno ninayoyasema. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Muingereza bandarini Zanzibar Septemba 1914, kisha ikaenda kujificha delta ya Rufiji kwenye mikoko, Waingereza wakaihangaikia mpaka Julai 1915 ndo wakaimaliza. Meli ikabaki kwenye tope lakini mizinga yake Wajerumani wakaing'oa, wakaitia magurudumu, ikapigana nchi kavu mpaka huko bara, mmoja umekaa Fort Jesus Mombasa nenda kaushike. Mizinga ya baharini ikawa ya porini. Kama mizinga ya tani nzima iliweza kuhama hivyo, neno litashindwa vipi.

Na sasa nifike kwenye beni, maana hapa ndo watu wetu walionyesha akili. Beni ni bendi tu, band. Ilianza miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, watu wakawatazama askari na wanamaji wa kizungu wanavyopiga tarumbeta na kutembea kwa mstari, wakasema hili tunaliweza, na wakaligeuza ngoma. Wana sare zilizopigwa pasi, bunduki za mti, gwaride, na vyeo vyote kuanzia kingi, jenerali, kanali, kapteni kwenda chini, wanawake nao na vyeo vyao. Tanganyika vikundi vikubwa vikawa viwili, Marini na Arinoti. Marini ndo hao hao wa majini, wanamaji, na hawakujiita hivyo kwa bahati mbaya, walikuwa watu wa pwani, makarani, wanaojiona wastaarabu, Arinoti wakawa watu waliotoka bara, vibarua na wapagazi. Yaani hata kwenye ngoma Nevi ilikuwa daraja la juu na jeshi la ardhini likawa la kina sisi. Vita ikawakuta, wakaingia humo na ngoma zao, kukawa na Marini upande wa Mjerumani na Marini upande wa Muingereza, mchana wanapigana na kumbe ni wanachama wa chama kimoja. Baada ya vita beni ikasambaa mpaka Malawi na Zambia.

Wakubwa wa Kiingereza waliiogopa wakidhani ni siasa imejificha, kwamba hao wenye vyeo vya kuigiza siku moja watataka vya kweli. Wengine baadaye wakasema ni uigizaji tu wa watu wanaotamani uzungu. Mi naona wote hawakuelewa. Mtu ambaye kwenye ajira yake hawezi kupita effendi, Jumapili jioni ni jenerali, anapigiwa saluti mbele ya mke wake na wakwe zake, na cheo amepewa na watu wake wenyewe kwa sababu anacheza vizuri na anatoa michango. Hicho ni cheo halali kabisa. Ukiangalia kwenye kamati za harusi za leo, mwenyekiti, mweka hazina, kamati ya ulinzi na usalama (ya harusi!), utaona beni haijafa.

Mgambo ni mfano wa kushuka. Waswahili walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, mgambo ulikuwa ni tangazo la mji, pembe inapigwa watu wanatega sikio. Tukaunda jeshi la mgambo, ulinzi wa wananchi, jambo zuri tu, kijijini bado anaheshimika. Mjini mgambo leo ni yule anayekimbiza mama ntilie na kumwaga ndizi za watu, na mbiu siku hizi wanapigiana wamachinga wenyewe, "mgambo hao!", dakika moja barabara nyeupe. Kwa hiyo kama mbiu inalia, inalia kumkimbia mgambo mwenyewe.

Vijana wanaopita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, mafunzo yaliyosimamishwa 1994 yakarudi 2013, wanarudi na kamusi nyingine kabisa, kuruta, kombania, lindo, ruti machi, bwalo, na wanakuwa hawavumiliki nyumbani kwa kama mwezi hivi, ukimtuma dukani anajibu "ndiyo afande" anageuka nyuma kwa kisigino. Baadaye inapoa. Kinachobaki ni mguu pande mguu sawa ambayo hata hivyo tulishaijua tangu chekechea. Neno la huko ninalolionea wivu ni usu. Koplo usu, luteni usu, yaani ni koplo lakini bado hajawa koplo kamili. Serikali wameligundua, sasa wahifadhi wa hifadhi za taifa na misitu ni jeshi usu. Naona tulitumie zaidi, kuna watu nawajua ni wachumba usu mwaka wa nne huu.

Komandoo limefika Ikulu ya Zanzibar, Salmin Amour alivyokuwa rais ndo lilikuwa jina lake la sifa. Kenya soja ni mlinzi wa getini usiku na KDF ni andazi gumu la kunywea chai, sijui jeshi lenyewe linasemaje. Mpirani sitaingia maana hatutatoka, kikosi, kambi, safu ya ulinzi, majeruhi, kombora la mguu wa kushoto, ukimpa mtu asiyejua soka ripoti ya mechi ya jana ataulizia wakimbizi wamepelekwa wapi.

Naomba nimalizie na rubani kwa sababu ndo tunaloligombania na baba mdogo kwa sasa. Rubani kwa Waarabu na kwa wazee wetu alikuwa mtu wa chombo, anayejua miamba na mikondo, anayekiongoza kuingia bandarini. Ndege zikaja, akachukuliwa akapelekwa angani, na amekaa huko muda mrefu hivi kwamba ukisema rubani wa meli watu wanadhani umekosea. Kisha zikaja droni, na redio zikaanza kusema "ndege isiyo na rubani", "ndege zisizo na rubani zimeshambulia", mpaka ikawa mtu anatajwa zaidi kwa kutokuwepo kwake. Sasa kwenye vita ya Ukraine kuna zile boti ndogo zinazoendeshwa kwa mbali zikaenda kuchoma manowari za Urusi Bahari Nyeusi, na watangazaji wakaziita boti zisizo na rubani. Mimi nikafurahi, nikamwambia mzee unaona rubani karudi baharini. Baba mdogo akasema upuuzi, chombo cha majini useme kisicho na nahodha. Nikamkumbusha yeye mwenyewe ndo alisema manowari haina nahodha. Akasema hiyo siyo manowari, ni bomu lenye injini, na bomu halijawahi kuwa na nahodha wala rubani. Hatujaelewana mpaka leo na sioni dalili.